Je, nchi inayonunua mifumo yake ya ulinzi ina kazi gani kwa mtafiti wa usalama wa kompyuta?

Kijana wa Posta

Wanajukwaa, habari za jioni, na kwa wakubwa zangu, shikamooni.

Nina shahada ya kwanza ya uhandisi wa kompyuta niliyoisomea hapa hapa Dar es Salaam, na huu ni mwaka wangu wa tatu katika kitengo cha usalama wa mifumo cha benki moja ya mjini. Kazi yenyewe wengi mnaifahamu: kusoma kumbukumbu za seva, kufuatilia nani aliingia kwenye mfumo saa ngapi na kwa ruhusa ya nani, kuwasihi wafanyakazi wenzangu wasiandike nywila kwenye vikaratasi, na kuwapokea wakaguzi wanaokuja kila mwaka na maswali yale yale. Siidharau kazi hii, kwa sababu imenifundisha nidhamu ya kuandika kila ninachokifanya. Hata hivyo, tangu nikiwa chuoni nia yangu imekuwa kuingia katika utafiti wa usalama wa kompyuta kwenye mifumo ya ulinzi wa taifa, yaani rada, redio za kijeshi, mitandao ya amri, mawasiliano ya satelaiti, na zile kompyuta ndogo zilizomo ndani ya vyombo vya anga na vya majini.

Wiki iliyopita nilimweleza baba yangu mdogo, ambaye alistaafu utumishi wa umma miaka michache iliyopita, naye akacheka mpaka akaweka kikombe cha chai chini. Aliniambia kwamba mifumo hiyo sisi tunainunua ikiwa imekamilika na kufungwa, kwamba watafiti wanahitajika huko inakotengenezwa, na kwamba hapa kwetu anayehitajika ni mtu wa kusoma kitabu cha maelekezo na kumpigia simu mtengenezaji taa nyekundu ikiwaka. Nilitaka kumbishia, nikagundua kwamba sina hoja.

Naomba basi mnisaidie. Je, nchi inayonunua mifumo yake ina kazi yoyote ya kweli kwa mtafiti wa aina hii? Na kama ipo, siku yake inapitaje, maana nina wasiwasi kwamba picha niliyonayo nimeipata kwenye filamu. Jambo la mwisho: mwenzangu mmoja kazini ananishauri nisipoteze muda kuandika barua za maombi, bali nitafute tundu kwenye mfumo wa taasisi mojawapo ya umma, niingie, nipige picha ya skrini, kisha niwatumie viongozi wake ili wajue uwezo wangu. Anadai kwamba huko Marekani ndivyo vijana wanavyochukuliwa na jeshi.

Mstaafu wa Redio

Marahaba, mwanangu. Msalimie sana baba yako mdogo, kwa kuwa inaelekea umri wetu unakaribiana, na kicheko chake nakifahamu: ni kicheko cha mtu aliyewahi kusubiri spea kutoka ng'ambo kwa miezi tisa. Lakini katika hili ninampinga.

Nilikuwa kijana wa redio wakati wa Vita vya Kagera. Redio tulizobeba mgongoni hatukuzitengeneza sisi, na wachache sana kati yetu walijua kilichomo ndani yake. Kilichokuwa chetu ni namna ya kuzitumia, na humo ndimo yalimokuwa makosa yetu. Sitasimulia mambo ya operesheni, kwa kuwa kiapo hakistaafu pamoja na mtu, ila nitataja jambo moja ambalo halikosekani katika kozi yoyote ya mawasiliano ya kijeshi: adui hahitaji kuuelewa ujumbe wako ili akujue. Akihesabu tu ni redio ngapi zinazungumza, zinasikika kutoka upande gani na kwa muda gani, kisha akabaini kwamba kila mnapotaka kuhama redio huzidi kuongea jioni iliyotangulia, amekwisha kupata alichokitaka, hata kama fumbo lenu halifumbuliki mpaka kiama.

Mtasema hayo ni ya kale. Basi chukueni lile la Januari 2018. Kampuni ya Strava, ambayo programu yake hupima mwendo wa wakimbiaji, ilikuwa imechapisha ramani ya dunia nzima ikionyesha njia ambazo watumiaji wake walizipita. Mwanafunzi mmoja wa Australia aliitazama kwa makini, akaona kwamba mahali pa jangwa tupu, ambapo huwezi kutarajia watu kukimbia kwa ajili ya afya, palikuwa na mistari inayong'aa ikizunguka mzunguko ule ule. Walikuwa wanajeshi wa kigeni wakifanya mazoezi ya asubuhi ndani ya uzio wa kambi zao, wamevaa saa za michezo. Hakuna nywila iliyovunjwa hapo, wala tundu lililotobolewa. Saa zilinunuliwa dukani na zilifanya kazi kama zilivyokusudiwa. Sasa uniambie, ni mtengenezaji gani wa rada atakayefunga safari mpaka Dar es Salaam kukuonya kuhusu saa ya mkononi ya askari wako?

Tena usidhani kwamba anayejitengenezea amesalimika. Mwaka 2008, flashi moja iliyochomekwa kwenye kompyuta ya jeshi la Marekani katika kambi ya Mashariki ya Kati iliingiza programu haribifu iliyokuja kujulikana kwa jina la agent.btz, ikaenea hadi kwenye mitandao ya siri, na kuisafisha kukawachukua takriban miezi 14. Tukio hilo ndilo lililoharakisha kuundwa kwa kamandi yao ya mtandao. Nchi yenye viwanda vyote hivyo iliangushwa na kitu ambacho unaweza kukinunua Kariakoo huku unasubiri chenji.

Kwa hiyo kazi ipo, nayo inaanzia pale kitabu cha maelekezo kinapoishia. Neno langu la mwisho ni kuhusu upekuzi wa maisha ya mwombaji kabla hajaajiriwa, ambao vijana wengi huuogopa bila sababu. Anayekupekua hatafuti malaika. Anatafuta iwapo maishani mwako kuna jambo ambalo mtu mwingine akilijua anaweza kukutishia nalo ukafanya asemavyo. Deni lililotajwa halimtishi mtu, ila deni lililofichwa linaweza kumuuza. Ukiulizwa, sema.

Mwenda Mbali

Mzee ameongea vizuri, lakini tusimpambie kijana wa watu. Ukweli ambao haujatajwa ni kwamba mtaalamu akishaiva, kampuni ya nje humpa mara tatu ya anachokipata hapa, naye akiwa kwake Mbezi, hahitaji hata kupanda ndege. Nimewaona watatu wakiondoka hivyo, na wote walianza na maneno haya haya ya uzalendo.

Mama wa Maabara

Shikamoo, mzee wetu Mstaafu. Nitaliacha la mishahara kwa sababu ndugu Mwenda Mbali amelisema kweli na halihitaji kuongezewa, nijibu lile la siku ya mtafiti inavyopita, maana nimeiishi kwa miaka sita katika maabara moja ya nje kabla ya kurudi nyumbani. Tulikuwa tukipima vifaa vya mawasiliano kwa niaba ya wizara za ulinzi za nchi kadhaa, na naomba kijana alishike hili kabla ya mengine: nchi hizo zilikuwa tajiri kuliko yetu kwa mbali, nazo zilikuwa zinanunua. Nchi ambazo hazinunui chochote kutoka kwa mwingine ni chache mno, kama zipo.

Ulikuwa unafika asubuhi, unaacha simu, saa na flashi katika kisanduku mlangoni, unaingia chumba kisicho na dirisha. Mezani palikuwa na kompyuta mbili ambazo hazikuruhusiwa kukutana kwa waya wala kwa hewa, pamoja na daftari lenye kurasa zilizotiwa namba. Ukurasa hauchanwi. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa ili bado lisomeke, unatia saini, unaendelea. Kifaa kipya kikiletwa, wiki tatu za kwanza hukigusi. Unasoma nyaraka zake, unachora kila mahali ambapo data huingia na kutoka, unajiuliza mtengenezaji alidhani nini kuhusu mtu atakayekitumia. Ndipo unapokifungua, unasoma programu iliyomo ndani ya chipu, unailinganisha herufi kwa herufi na ile ambayo mtengenezaji alikukabidhi kwa maandishi, na siku ambayo hazilingani huwa unasahau kula mchana. Baada ya hapo unakilisha data mbovu, mchana na usiku, kwa siku nyingi, mamilioni ya ujumbe uliopindishwa kidogo kidogo, ukisubiri mmoja utakaokiangusha. Mara nyingi hakianguki. Kisha unaandika ripoti, na kuandika huko huchukua muda mrefu kuliko kupima. Filamu haiwezi kutengenezwa hapo, watazamaji wangelala.

Sasa niseme kile ambacho hakuna aliyeniambia wakati naanza. Kuliona tundu ni nusu ya kazi, tena ile nusu nyepesi. Tuliwahi kupima kifaa cha redio ambacho ndani yake mtengenezaji alikuwa ameacha akaunti ya mafundi wake, na nywila yake ilikuwa ni jina la toleo la kifaa chenyewe, lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Tuliliona siku ya nne. Kulifunga kulichukua miezi kumi na mmoja. Mwanzo mtengenezaji alijibu kwamba hilo si kosa bali ni huduma kwa wateja. Kisha akasema rekebisho lipo ila litalipiwa. Kisha rekebisho likaja na ikabidi kifaa kipimwe upya chote, kwa sababu kilikuwa kimepewa cheti cha kutumika katika ndege, na huwezi kubadili hata mstari mmoja wa programu ya kitu kinachoruka bila kuthibitisha tena kwamba bado kitaruka. Muda wote huo vifaa vilikuwa kazini. Tulichoweza kufanya ni kuandika utaratibu mpya wa matumizi na kuziba kwa gundi tundu la waya wa matengenezo. Ndiyo, gundi. Shahada mbili, gundi.

Msidhani nilikuwa na bahati mbaya peke yangu. Oktoba 2018 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ile inayoitwa GAO, ilichapisha ripoti kuhusu mifumo ya silaha ya nchi hiyo. Humo imo habari ya wapimaji waliobahatisha nywila ya msimamizi kwa sekunde 9. Magazeti yote yalikimbilia sekunde hizo. Mimi nilisimama kwenye sentensi nyingine, isemayo kwamba katika mfumo mmoja, kati ya udhaifu 20 uliokuwa umegunduliwa katika upimaji uliotangulia, ni 1 tu uliokuwa umerekebishwa. Aliyewahi kufanya kazi hii akisoma hapo hupumua kwa nguvu.

Turudi kwa baba mdogo na hoja yake kwamba vitu vinakuja vimefungwa. Ni kweli vimefungwa, na niongeze kwamba hata ukivifungua huwezi kumaliza mashaka. Mwaka 1974 Paul Karger na Roger Schell, wakilifanyia kazi Jeshi la Anga la Marekani, walipima Multics, mfumo endeshi wa kompyuta uliohesabiwa kuwa miongoni mwa mifumo salama ya wakati wake, wakaonyesha kwamba mlango wa siri unaweza kupandwa ndani ya programu inayogeuza msimbo ulioandikwa na binadamu kuwa lugha ya mashine. Miaka kumi baadaye, katika hotuba yake ya tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, iliyochapishwa mwaka 1984, Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa mfumo endeshi wa Unix, alilirudia wazo hilo: unaweza kuusoma msimbo wote usione kasoro, na mlango bado ukawepo, kwa kuwa umejificha katika chombo kilichoutafsiri. Kwa hiyo anayetengeneza na anayenunua wote wana mahali ambapo hawaoni. Tofauti ni kwamba mnunuzi hana pa kujidanganya.

Na akishakubali kwamba haoni ndani, utafiti wake huhamia nje ya kifaa. Anakiweka mahali ambapo hata kikigeuka hakitafika mbali. Anatenganisha mitandao, anaweka njia inayopitisha data upande mmoja tu, anakisikiliza kwa majuma kinazungumza na nani na saa ngapi wakati hakuna aliyekitumia. Someni yaliyotokea Februari 24, 2022, siku Urusi ilipoivamia Ukraine. Wavamizi wa mtandao waliingia kwenye mtandao wa usimamizi wa satelaiti ya kampuni ya Viasat kupitia mlango wa kuingilia kwa mbali uliokuwa umesanidiwa vibaya, wakatuma amri zilizofuta kumbukumbu za modemu, yaani vifaa vya wateja vya kupokea intaneti ya satelaiti, maelfu kwa maelfu. Kule Ujerumani, mitambo 5,800 ya kuzalisha umeme kwa upepo ikapoteza mawasiliano yake ya usimamizi, ingawa haikuwa na ugomvi na mtu. Wenye modemu hawakukosea nywila wala hawakuchomeka flashi. Walimwamini muuzaji wa huduma, na yeye ndiye aliyeingiliwa. Swali la mtafiti wa nchi inayonunua ni hilo hilo: siku muuzaji wetu akiingiliwa, sisi tunabaki na nini mkononi? Wakazi wa jiji hili mlionja kidogo Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikawa ya kusuasua nchi nzima. Haikuwa vita. Lakini nadhani wengi wetu siku ile ndipo tulipojua kwamba mitandao yetu, ambayo kwenye karatasi ni tofauti tofauti, hupita kwenye nyaya chache chini ya bahari.

Tena, na hili ndilo ningependa vijana wa hapa walichukue kwa uzito zaidi kuliko udukuzi wote, nguvu kubwa ya mnunuzi iko kabla hajasaini. Mtafiti anayejua kuandika vifungu vya zabuni analinda nchi kuliko anayejua kuvunja ruta kumi. Mkataba useme kwamba mnunuzi ana haki ya kupima kifaa kwa namna yoyote apendayo bila kuvunja dhamana; kwamba ataorodheshewa kila programu iliyomo ndani, pamoja na zile ambazo mtengenezaji naye amezichukua kwa wengine; kwamba msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na waundaji wake, utawekwa amana kwa mtu wa tatu ili kampuni ikifa tusife nayo; kwamba marekebisho ya usalama yatatolewa kwa miaka kadhaa, na kwa muda gani tangu tundu liripotiwe. Ile miezi kumi na mmoja yangu ilitokana na ukurasa mmoja uliokosekana kwenye mkataba, na waliousaini walikuwa wanasheria wazuri na wanajeshi wazuri ambao hawakuwa na mtu wa kompyuta chumbani.

Sijagusa upande wa kujenga, ambao pia ni utafiti. Mwaka 2009 watafiti wa Australia walikamilisha uthibitisho wa kihisabati kwamba kiini cha mfumo endeshi (sehemu ya ndani kabisa inayoongoza kompyuta) kiitwacho seL4 kinafanya kile kilichoandikwa katika maelezo yake na si kingine, na baadaye kiini hicho kikatumika katika majaribio ya helikopta isiyo na rubani chini ya mradi wa DARPA, shirika la utafiti la wizara ya ulinzi ya Marekani. Wapimaji walipewa kabisa sehemu moja ya kompyuta ya chombo waitumie watakavyo, wakashindwa kutoka humo kufikia usukani. Hisabati ya namna hiyo haihitaji kiwanda. Inahitaji ubao, chaki na watu wasio na haraka.

Kijana wa Posta

Shikamoo mzee Mstaafu, na wewe mama, asante sana. Nimeisoma mara tatu habari ya gundi. Kwa kweli sikuwahi kufikiri kwamba kifungu cha zabuni ni sehemu ya usalama wa kompyuta. Kwenye benki yetu mikataba huja kwetu ikiwa imekwisha kusainiwa, nasi huambiwa tuunganishe. Bado nina lile swali la ushauri wa mwenzangu, na jingine dogo: mtu asiye na maabara aanze na nini?

Wakili wa Upanga

Ndugu kijana, la mwenzako nitalijibu mimi, na ninakuomba ulisome kabla hujafika kazini kesho.

Kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza mtu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na kinyume cha sheria. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya thamani ya manufaa yaliyopatikana, ipi iliyo kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote kwa pamoja. Makusudi yanayozungumzwa hapo ni ya kuingia, si ya kudhuru. Moyo wako mwema utausimulia wakati wa kuomba upunguziwe adhabu. Kifungu cha 5 kinamgusa yule aliyebaki ndani ya mfumo baada ya muda wa ruhusa yake kwisha, na hapo ndipo wapimaji halali huteleza, kwa sababu barua ilisema mpaka Ijumaa na wao wakarudi Jumatatu kumalizia. Na kama mfumo wenyewe una taarifa zilizowekwa daraja la siri, unatoka kwenye sheria ya mtandao unaingia kwenye Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, ambayo ni nzito zaidi. Kila anayepita kwa daladala mbele ya Kambi ya Lugalo anajua kwamba simu haitolewi dirishani kupiga picha. Picha ya skrini ya mfumo wa ulinzi ni picha vilevile.

Kuhusu Marekani, mwenzako amesikia nusu ya habari. Mwaka 2016 wizara yao ya ulinzi iliendesha mpango wa kuwaalika wadukuzi kuanzia Aprili 18 hadi Mei 12. Zaidi ya watu 1,400 walijiandikisha, na ripoti 138 zikakubaliwa kuwa za kweli na kulipwa. Lakini walijiandikisha kwanza, wakakubaliwa, wakaonyeshwa mipaka, ndipo wakagusa. Na walichokigusa ni tovuti zilizo wazi kwa umma, wala si mitandao ya silaha. Mwaliko ulitangulia hodi.

Ukikutana na tundu bila kulitafuta, kwa mfano unajaza fomu ya kawaida ukaona taarifa za mtu mwingine, usiendelee kuchungulia ili uhakikishe. Andika ulichokiona, siku na saa, kisha uipelekee TZ-CERT, timu ya taifa ya usalama wa kompyuta, ambayo iko chini ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na kazi yake ni kupokea na kuratibu matukio kama hayo. Usiweke mitandaoni. Na siku utakayoajiriwa kupima, usiguse kitu mpaka uwe na barua yenye jina la mwenye mfumo, jina lako, anuani za mashine unazoruhusiwa, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na namba ya simu ya mtu atakayepokea saa 8 usiku endapo utakiangusha kitu. Mimi huwaambia wateja wangu wabebe nakala mfukoni.

Mama wa Maabara

Naongeza jibu la swali dogo. Nenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey au ule wa jirani, ununue ruta mbili kuukuu za aina moja, na udai risiti hata kama muuzaji atashangaa, ili zijulikane kuwa ni zako. Moja uiache nzima kwa kulinganishia. Nyingine uifungue, uitafute chipu ya kumbukumbu, usome programu yake, utafute akaunti ambazo kitabu hakikuzitaja. Fanya kazi hiyo bila kuiunganisha na intaneti. Kila kitu kwenye daftari lenye namba za kurasa. Pia jeshi la anga la Marekani lilianzisha mwaka 2020 shindano la Hack-A-Sat kuhusu usalama wa satelaiti, na maswali yake mengi ya zamani yako wazi kwa yeyote kujifunzia. Yatakupa ladha ya kitu kinachozunguka angani na ambacho huwezi kukizima na kukiwasha. Miezi sita ya daftari la namna hiyo, ukiwa na mtu wa kukusahihisha pale chuoni Kijitonyama au popote uliposoma, ningeisoma kwa makini zaidi kuliko vyeti vinne vya kozi za wiki moja.

Mstaafu wa Redio

Na daftari lisilale ndani ya daladala.

Kijana wa Posta

Nashukuru nyote, na mawakili wasinihofie. Mwenzangu nimemsomea kifungu cha 4 wakati wa chakula cha mchana, na wazo lake amelirudisha mfukoni. Jumamosi nilipita Mtaa wa Aggrey, nikapata ruta mbili za aina moja pamoja na risiti. Moja haiwaki. Daftari nimelitia namba mpaka ukurasa wa 192, na ukurasa wa kwanza tayari una mstari mmoja juu ya kosa, kwa sababu nilikosea tarehe.

Baba mdogo alikuja jana jioni akaikuta ile isiyowaka imefumuliwa juu ya meza. Aliitazama kwa muda, akavua miwani, akaniuliza kama nimekwisha kumpigia simu mtengenezaji.